Dawa Zilizokataa

Damu ilionekana kwenye nepi Jumanne asubuhi, na aliyeiona wa kwanza ni Daktari mwenyewe.

Hilo la Daktari lilikuwa jina la utani tu. Mama huyu alikuwa mfagiaji wa hospitali kubwa kwa miaka ishirini na miwili. Alisugua sakafu, akamwaga mabeseni, akaosha vyombo vya maabara, hadi magoti yalipogoma akastaafishwa. Lakini mtu hawezi kukaa na wagonjwa miaka yote hiyo asiokote maneno mawili matatu. Alipobaki nyumbani majirani walianza kumgongea mlango: mtoto anakohoa, mume ana homa, tumbo linasokota. Naye alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vidonge vya kila rangi. Vingine alivinunua kimojakimoja, vingine ni mabaki ya watu waliopata nafuu kabla dozi haijaisha. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: viwili asubuhi, viwili jioni, ukijisikia vizuri acha, vinavyobaki nirudishie.

Mgonjwa wa safari hii alikuwa mjukuu wake wa miaka miwili, aliyeitwa Kibibi kwa sababu alitembea mikono nyuma na kuwafokea wakubwa kama mwenye nyumba. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani alionekana mara moja kwa mwezi. Mama yake, binti wa Daktari, alifunga biskuti kiwandani kwa zamu. Kwa hiyo mtoto alilelewa na bibi, na tumbo lilipoanza kumwendesha Jumamosi, bibi hakuuliza mtu. Alifungua kapsuli ya rangi mbili, akamwaga nusu ya unga kwenye kijiko cha maji ya sukari, akamnywesha. Jumapili akarudia. Jumatatu vilevile.

Sasa aliitazama ile nepi kwa muda mrefu. Hakikuwa choo tena, ni makamasi yenye michirizi myekundu. Kibibi alikuwa amelala ubavu, magoti kifuani, hana nguvu ya kumfokea mtu.

"Mama, ni damu hiyo?" binti yake aliuliza kutoka mlangoni, akijifunga kitambaa cha kichwani cha kiwandani.

"Ni kidogo. Nenda kazini, nitashughulika."

"Umempa nini mpaka sasa?"

"Maji ya chumvi na sukari," alisema Daktari, na hakumtazama.

Siku hiyohiyo alikwenda duka la dawa. Muuzaji hakuuliza mtoto ana uzito gani wala ameanza lini. Alishusha chupa ya dawa ya unga wa kuchanganya, akaitikisa, akasema hii wanaichukua wote. Kibibi alikunywa Jumanne na Jumatano. Alhamisi alikuwa anakwenda chooni mara kumi na mbili, na kila mara alilia kabla, kwa sababu alishajua maumivu yanayokuja.

*

Kwenye kituo cha afya tabibu alikuwa kijana mwenye sauti ya upole na foleni ndefu. Aliifinya ngozi ya tumbo la mtoto, akatazama jinsi inavyorudi taratibu, akaandika.

"Kuna dawa amepewa kabla ya kuja hapa?"

Daktari alisikia swali vizuri. Nyuma yake, kwenye benchi, walikaa wanawake wanne wa mtaani kwake, na wawili kati yao walishawahi kunywa vidonge vya kopo lake. Binti yake alikuwa pembeni, amemshika mtoto.

"Hakuna," alisema. "Maji ya chumvi tu."

Tabibu akaandika hakuna. Akatoa pakiti za maji ya chumvi, vidonge vya zinki, na dawa ya kuhara damu ya siku tatu. Akasema hii ndiyo dawa yake, wengi hutulia siku ya pili.

Siku ya pili hakutulia, wala ya tatu. Bibi hakukosea hata saa moja. Dawa aliitoa kwa wakati, na maji alimpa kwa kijiko, dakika baada ya dakika, akihesabu vijiko kwa kusogeza njugu kutoka sahani moja kwenda nyingine ili asijidanganye. Lakini nepi zilitoka vilevile. Mashavu ya Kibibi yaliingia ndani. Jumapili jioni alimwita bibi yake kwa sauti ndogo, akasema, "Tumbo baya. Lipige." Mwanamke yule aliyezoea kuchekesha wagonjwa wodini alichota kijiko kingine tu.

Jumatatu walirudi. Tabibu alisoma kadi, akakuna shingo.

"Tutajaribu nyingine, kali kuliko hii."

"Tutajaribu," Daktari alirudia neno hilo. "Na hiyo ikikataa?"

"Bibi, tuanze nayo kwanza."

"Mwanangu, nilikuwa nasafisha maabara ya hospitali kubwa. Najua choo kinaoteshwa kwenye visahani, halafu kile kilichoota kinawekewa dawa mbalimbali ili ionekane ipi inakiua. Niandikie kipimo hicho."

Kwenye benchi watu waligeuka. Tabibu alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayetaka kumaliza foleni.

"Kile kipimo ni cha kulipia, na majibu ni siku tatu. Mtoto anahitaji dawa leo."

"Leo niandikie ya leo, na kipimo pia niandikie. Siondoki bila hiyo karatasi."

"Daktari kakutana na daktari," mtu mmoja alisema nyuma, na benchi zima likacheka. Alihisi joto likimpanda masikioni. Hakusogea. Alikaa pale akiwa amemlaza mtoto mapajani mpaka kijana yule alipovuta kitabu cha fomu akaandika kwa haraka, huku akisema hospitali wenyewe wataona la kufanya.

*

Jumanne binti alikuwa na zamu ya mchana, hivyo asubuhi alibaki na mtoto. Daktari alichemsha chupa ndogo ya jamu na kifuniko chake, akaikausha bila kuigusa ndani, akakinga sampuli, akaifunga kwenye mifuko miwili na kuiweka ndani ya mkoba wake wa kanisani. Alipanda gari akiwa ameukumbatia kama mtu mwenye mayai.

Kule hospitali kubwa, ofisi ya kwanza ilimtuma kulipia, na kwenye malipo mtandao ulikuwa umekatika. Alisimama hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Alipofika kwenye dirisha la maabara, msichana mwenye miwani aliyevaa koti jeupe aliitazama chupa, kisha fomu, kisha saa ya ukutani.

"Imechukuliwa saa ngapi, mama?"

"Saa moja asubuhi."

"Sasa ni saa tano na nusu. Hii siwezi kuiotesha. Kile tunachokitafuta hufa mapema kikikaa nje, kinabaki kingine, halafu tunawapa majibu ya uongo. Ilete ndani ya saa moja."

"Nakaa mbali. Saa moja ni gari peke yake."

"Naelewa, mama. Ila siwezi."

Mwanamume aliyekuwa nyuma yake alijikohoza na kusema wengine wana haraka, basi bibi atoe huo mzigo wake. Daktari aliirudisha chupa mkobani. Alipokuwa anageuka mfuko wa nje ulipasuka, na harufu ikatoka, na watu wakapisha njia kwa upana ambao hawakuhitaji kuupisha. Korido ile aliipiga deki maelfu ya mara. Ni yeye aliyekuwa akipita na ndoo wakati wengine wanapisha, na hapo kulikuwa na heshima fulani, watu walijua ni kazi. Leo hakuwa na ndoo wala sare.

Aliporudi nyumbani binti yake alikuwa amesimama mlangoni tayari kwa zamu.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa. Imechelewa."

Binti alifumba macho. "Basi mama, tumpe hiyo dawa kali tuone. Tumechoka."

"Dawa tunampa. Na kesho hatupeleki chupa. Tunampeleka mwenye tumbo."

*

Jumatano saa mbili asubuhi, mbele ya dirisha la maabara, Daktari alitandika mtandio sakafuni, akaweka poti ya plastiki ya mtoto ya kujisaidia, iliyooshwa kwa maji ya moto, akakaa kwenye benchi na Kibibi mapajani. Alikuwa na chupa ya maji ya chumvi na kijiko.

Mlinzi alifika baada ya robo saa.

"Bibi, hapa si pa kukaa. Unangoja nini?"

"Namngoja huyu ajisaidie."

"Choo kiko kule nyuma."

"Kule nyuma najua, nilikuwa nakiosha. Na ninajua mpaka nitoke kule nifike hapa na magoti haya, watafunga dirisha. Akijisaidia hapa, nanyoosha mkono tu."

Mlinzi alitazama kushoto na kulia kama anayetafuta mtu wa kumshtakia. Waliokuwa kwenye foleni walishika pua kabla hata hakijatokea kitu. Mama mmoja mwenye tumbo kubwa la ujauzito alihamia upande wa pili. Daktari aliendelea na kijiko. Kimoja, anapumzika. Kingine, anapumzika. Mtoto alinywa macho yakiwa nusu wazi.

Saa nne kasoro Kibibi alijikunja na kuanza kulia bila sauti. Bibi alimshika juu ya ile poti, mbele ya watu wote, akimwambia polepole, "Sukuma, mama yangu, hiki leo ni dhahabu." Msichana wa miwani alikuwa ameshatoka nje ya mlango na kikopo chenye kijiko ndani ya kifuniko. Alipiga magoti sakafuni palepale, akachota penye makamasi na damu, akafunga.

"Hii ndiyo sampuli," alisema. Kisha akasoma fomu. "Hapa wameandika hajapewa dawa yoyote kabla ya kituo. Ni kweli?"

Wakati huohuo binti aliingia koridoni anakimbia, na aproni ya kiwanda ingali kiunoni. Alikuwa ameomba ruhusa na kunyimwa, akaondoka hivyohivyo. Alisimama karibu, akihema.

Daktari angeweza kusema ni kweli. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lilishazoea kutoka.

"Si kweli," alisema. "Nilimpa kapsuli za rangi mbili siku tatu, nusu nusu. Nilikuwa nazo nyumbani. Halafu dawa ya chupa ya dukani, siku mbili. Ndipo tukaenda kituoni."

"Mama," binti alisema.

"Nilimpa. Nilikuficha."

Msichana wa miwani aliandika, pembeni mwa fomu, kwa herufi ndogo zilizonyooka. Halafu akamtazama mtoto aliyekuwa amelegea begani kwa bibi, akagusa miguu yake.

"Miguu ni ya baridi. Msisubiri majibu nyumbani. Mpelekeni wodini sasa hivi, nitapiga simu huko."

*

Walimpata mshipa mara ya nne, kichwani. Maji ya dripu yalianza kushuka, na daktari wa wodi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, aliandika sindano ya kila siku ambayo walimpa kila mtoto wa namna hiyo. Alisema wakati majibu yanasubiriwa haiwezekani kukaa mikono mitupu.

Binti alikaa upande mmoja wa kitanda, mama yake upande wa pili. Siku nzima hawakuzungumza isipokuwa mambo ya nepi na maji. Alhamisi jioni simu ya binti iliita. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa kiwanda, akimwambia asirudi mpaka aitwe. Aliiweka simu chini.

"Unajua kilichoniuma?" alisema, bila kuinua macho. "Si kapsuli. Mimi mwenyewe ningekuomba umpe. Kilichoniuma ni kwamba niliuliza, ukaniacha niende kazini nikiamini najua anachokunywa mwanangu."

"Niliona haya," Daktari alisema. "Mtaa mzima unakuja kwangu. Wa nyumbani kwangu ndiye ananishinda?"

Baadaye binti alikwenda nje akarudi na vikombe viwili vya chai, kimoja akakiweka upande wa mama yake.

Ijumaa homa ilikuwa palepale. Sindano ilikuwa ya tatu na damu haikupungua. Daktari wa wodi alisema waongeze siku mbili, wakati mwingine inachelewa. Jumamosi asubuhi Daktari hakungoja kuitwa. Alipofika kwenye dirisha la maabara msichana wa miwani alikuwa anavua glavu.

"Nilikuwa nakuja wodini," alisema. "Ingia, uone."

Juu ya meza palikuwa na visahani viwili vya duara. Daktari alivitambua mara moja, kwa miaka aliviosha baada ya kuchemshwa kwenye mtambo, vikiwa tayari havina kitu. Hivi vilikuwa na kitu. Uso wote ulifunikwa na ukungu wa rangi ya maziwa, na juu yake vikaratasi vya duara, vidogo kama vifungo vya shati, vyenye herufi.

"Kila kikaratasi kina dawa moja," msichana alisema. "Dawa ikiwaua wadudu, panabaki duara safi kuzunguka kikaratasi. Isipowaua, wanaota hadi mlangoni kwake. Tazama."

Aliinama. Kikaratasi cha kwanza kilizungukwa na ukungu mpaka ukingoni. Hii ni kapsuli yako, msichana alisema. Cha pili vilevile, ya dukani. Cha tatu ilikuwa ile ya kituo cha afya. Cha nne, ile kali, ukungu. Cha tano msichana alikigusa kwa ncha ya kalamu juu ya kifuniko: sindano ya wodini. Nacho kilikuwa kimezingirwa.

"Hata hiyo?"

"Hata hiyo. Wangemchoma wiki nzima bure."

Kwenye kisahani cha pili, pembeni, kulikuwa na kikaratasi kimoja chenye duara pana, safi, kama mtu aliyefagia uwanja wake. Daktari alikiangalia mpaka macho yakamlengalenga.

"Ipo hiyo dawa?"

"Ipo. Ni ya kunywa, wala si ghali. Ila ndiyo pekee iliyobaki, lazima ifuatwe vizuri."

"Wanakuwaje hivi, hawa wadudu?"

Msichana alifikiri namna ya kusema. "Ukiwapiga kidogo ukaacha, wanakufa wale dhaifu. Wanaosalia ni wale wasiosikia dawa, na hao ndio wanaozaana, na hao ndio anaowapata mtoto wa jirani. Huyu mjukuu wako huenda hakuwazalisha yeye. Huenda aliwapata tayari wakiwa hivi, kwenye maji au mikono ya mtu."

"Kutoka mtaani."

"Kutoka popote watu wanapokunywa dawa nusu."

Miaka ishirini na miwili aliosha visahani hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia vinasema nini. Hakumlaumu mtu, hakuwahi kuuliza. Alichukua karatasi ya majibu, hakuikunja, akaipeleka wodini mwenyewe kwa mikono miwili.

*

Kibibi alikunywa dawa ya duara safi siku tano. Siku ya pili homa ilishuka. Siku ya tatu nepi ilitoka bila wekundu, na bibi na binti waliikagua dirishani kama watu wanaokagua kitambaa cha bei. Siku ya nne mtoto alimfokea muuguzi kwa kuchelewesha uji. Siku ya tano walitaka kumruhusu mapema, Daktari akasema hapana, imebaki dozi ya jioni. Akakaa mpaka akaiona imemezwa.

Kiwanda hakikumwita binti. Alikwenda mwenyewe na karatasi ya kulazwa, akawekwa zamu ya asubuhi ambayo hakuna aliyeitaka. Aliikubali.

Jumatatu iliyofuata, baada ya chai, Daktari alishusha kopo lake, akalimwaga lote kwenye bahasha kubwa ya kurudisha hospitali, kisha akachukua daftari na kalamu. Aliandika nyumba za watu aliowahi kuwapa vidonge. Alianza na aliowakumbuka vizuri, ukurasa ukajaa, akafungua mwingine. Binti yake alimtazama huku akimvalisha mtoto viatu.

"Utawaambia nini?"

"Niliwapa nini, na kwamba nilikosea. Kama yapo mabaki, nayachukua. Na mtoto akihara damu waje, nawasindikiza mpaka dirisha la maabara."

"Watakusema, mama."

"Waniseme."

"Utaanza nyumba ipi?"

Alinyoosha kidole kwenye mstari aliouandika mwisho, ingawa ndio aliokuwa ameukumbuka kwanza. Ilikuwa nyumba ya fundi baiskeli, mwisho wa kichochoro. Mwaka juzi mtoto wao wa kiume aliharisha, akapewa vidonge vinne vya njano. Baadaye alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani amesahau kutembea, ikabidi aanze upya kushika ukuta.

Mke wa fundi alifungua mlango akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Yule mkubwa alikuwa nyuma yake, mwembamba, anakula mkate. Daktari alisalimia, akaeleza akiwa amesimama, bila kuzungukazunguka: mjukuu, kapsuli, visahani, ukungu uliofika mlangoni.

Mwanamke yule alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo huyu wangu, zile wiki tatu, ni vidonge vyako?"

Daktari alimtazama yule mtoto.

"Sijui," alisema. "Inawezekana."

Mwanamke aliingia ndani, na Daktari akadhani mlango utafungwa. Lakini alirudi na kigoda, akakiweka chini, na mkononi alikuwa na kipande cha karatasi ya gazeti kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na vidonge viwili vya njano.

"Nilimwekea huyu mdogo, akiugua," alisema, akimpigapiga mtoto wa mgongoni. "Keti. Nieleze tena, polepole, nielewe."

Daktari alivipokea vidonge, akaketi, akanyoosha goti lililokuwa likiuma.

"Nilimpa mjukuu wangu nusu ya kapsuli," alianza, "na hakuna aliyeniambia nimpe."